Mate ya Maksai

Adela aliingiza mkono kwenye shavu la maksai wake, akauchomoa. Ulitoka mkavu kama ameutoa mfukoni.

"Hacheui tangu lini?" aliuliza jirani yake, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia huku Ufipa na ng'ombe wake.

"Tangu juzi, kaka. Na nimemlisha vizuri. Wiki nzima pumba laini na machicha ya pombe, apate nguvu ya kulima."

"Na majani?"

"Nitayapata wapi? Mbuga yote imeungua."

Mfugaji alibonyeza ubavu wa maksai. "Hapo ndipo ulipokosea, mama. Pumba haitafunwi, inamezwa. Asipotafuna, mate hayatoki, na mate ndiyo yanayopoza uchachu tumboni. Mtafutie kitu kikavu kimsumbue meno. Leo hii."

Adela alitazama uani. Nyasi kavu alizokuwa nazo ni yale matita aliyoyakata Julai kwa ajili ya kuezeka nyumba. Paa kuukuu alikwisha kuliteremsha jana, na upande wa Kasanga wingu lilikuwa limetanda.

Akachukua panga, akakata kamba ya tita la kwanza.

Maksai alinusa, akageuza kichwa. Adela akamsukumia konzi ya nyasi shavuni, akasubiri. Taya likasogea, likasita, likasogea tena. Uzi wa mate ukateremka polepole mpaka kiganjani mwake, mzito, wa moto.

Tone lililofuata lilimdondokea shingoni, nalo lilikuwa la baridi.

Hakutazama juu. Alivuta tita la pili.