Korido ya Ukutani

Siku hizi kamera ya mtaa ndiyo inayopima nyumba zetu, na ikiona chumba kitupu inakuletea mpangaji. Mimi nilitundika sebuleni picha ya miraba myeusi na myeupe, ambayo ukiitazama unaona korido ndefu imeingia ukutani. Kamera ikaihesabu kuwa chumba. Jumamosi akaja Bi Mwanakheri, mjane mcheshi, na godoro lake kichwani.

“Mama, hiyo ni picha tu,” nikamwambia, huku mume wangu Sefu akicheka mpaka kushika mbavu.

Naye akacheka. Akavua viatu, akajitanda kanga vizuri, akagonga kioo cha picha.

“Hodi wenyewe.”

“Karibu,” sauti ya kike ikaitikia kutoka ndani ya picha. “Ila godoro liache hapo sebuleni. Huku tumeshajaa.”