Misumari Mfukoni

Upepo ulinisukuma hadi ukingoni mwa mtaro, nikabana tangi la pikipiki kwa magoti. Hapo ndipo kitu kikanichoma pajani.

Sikuhitaji kutazama. Ilikuwa misumari ya bati, ile ya vichwa vipana, kifuko kizima, ndani ya suruali ileile ya kazi niliyovaa jana.

Jana mimi na shemeji tuliezeka chumba kipya cha chekechea. Kila bati tulilishikiza kwa msumari mmoja mmoja, kama kawaida yetu, kisha mmoja anapita nyuma kupigilia misumari mingine yote. Zamu ilikuwa yangu. Shemeji aliuliza kutoka chini, "Vipi, umemaliza?" Njaa ilikuwa inaniuma. Nikamjibu, "Tayari!"

Simu ikalia. Nikasimama kwenye njia panda, mguu mmoja chini, pikipiki ikiyumba kama mlevi. Kushoto ni kazini. Kulia ni chekechea.

"Uko wapi wewe? Bosi anafoka huku!" Alikuwa shemeji.

"Binti yako ameenda shule?"

"Aache kwenda? Tangu alfajiri anaringa, eti leo anakaa chini ya paa la baba na mjomba. Kwani vipi?"

Upepo ulivuma tena, ukapeperusha vumbi machoni. Nilikata kulia, simu ingali sikioni.

"Mpigie mwalimu. Awatoe watoto kwenye chumba kipya. Sasa hivi!"

Nilisikia nyundo ya shemeji ikianguka.

"Jana uliniambia tayari."