Stima Inaanza Sokoni

Mkono wangu ulikuwa ndani ya mashine ya kusaga, mpaka kwenye kiwiko, niliposikia watu wakishangilia kule sokoni.

Nimetengeneza mashine miji mingi, lakini Tororo nilikuwa nimefika asubuhi ile ile kutoka Busia, kwa kazi ya siku moja, na kelele zake sikuzijua. Nikamuuliza Akiror, mwenye mashine, "Wanashangilia nini?"

"Stima inakuja, mzee! Inaanza sokoni, halafu inapanda kwetu."

Wanawake waliobeba mihogo mikavu wakacheka, wakaanza kusukumana kwenye foleni.

Nikavuta mkono. Shati lilikuwa limenaswa na nyundo moja ya chuma, zile zinazozunguka na kusaga huko ndani. Kitambaa kilikuwa kipya, kikakataa kuchanika.

"Akiror, swichi ulizima?"

"Nizime ya nini? Si stima ilipotea yenyewe?"

"Izime sasa hivi, mama! Nimenaswa!"

Swichi ilikuwa ukutani, nyuma ya magunia, nyuma ya wanawake wote wale. Akiror akaacha kucheka. Akakunja sketi, akaanza kuyapanda magunia.

Ng'ambo ya barabara, redio ya kinyozi ikaanza kuimba.