Mashine Inangoja Bei

Siku hizi mashine za kukamulia hazifanyi kazi mpaka bei ya maziwa ipande katika soko la dunia. Soko likilala, nazo hulala. Huko Polandi, Malina, ng'ombe wa Jadwiga, alikuwa akilia tangu alfajiri, kiwele kimevimba na kukaza kama ngoma.

"Usithubutu, mke wangu," Zenon alimsihi. "Wenye mashine wakijua umekamua kwa mkono, watatunyang'anya zizi."

"Na akifa je?"

Jadwiga akapasha viganja joto kwapani, kama mama yake alivyomfundisha, akashika chuchu. Malina, ambaye hajawahi kukamuliwa na mtu, akampiga teke la kifua. Kisha ng'ombe akajikokota hadi kwenye mashine, akaingiza shingo, akatulia.

Jadwiga alijizoazoa kutoka kwenye samadi, akasimama kando yake. Wakangoja pamoja.