Chaki Nyuma ya Mama

Na wewe uligeuza uso. Walipoanza kusafisha filamu za zamani ulishangilia picha kung'aa, hukuuliza kilichofutwa.

Mimi niliuliza. Mama yangu yumo katika filamu iliyopigwa katika kiwanda chao cha nguo mjini Łódź, wafumaji wenyewe wakiigiza. Anapita sekunde nne. Ukutani nyuma yake kuna maandishi ya chaki: TUNATAKA NYAMA. Enzi hizo nyama ilikuwa adimu, na aliyelalamika hadharani alifungwa. Mama aliapa hadi kufa kwamba hakujua aliyeyaandika. Kwenye kanda yangu ya video yamebaki ukungu tu, na kila nikiitazama kanda inazidi kulika.

"Chukua diski hii iliyosafishwa, mjomba," alisema Bogna, mwenye duka la filamu.

"Hao wasafishaji chaki kwao ni uchafu. Watakuwa wameipangusa."

"Basi tuitazame hapa hapa. Ukinuna, wateja wangu wameshakuzoea."

Mama alipotokea, Bogna aliisimamisha picha. Nilikuwa nimefumba macho.

"Fumbua, mjomba. Mama ni wako, mimi sitakusimulia."

Nilifumbua. Chaki ilikuwepo, herufi kwa herufi. Nilisogea karibu na kioo.

Kisha nikaona jambo ambalo kanda haikuwahi kunionyesha. Mama alikuwa ameficha mkono nyuma ya aproni, na ncha za vidole vitatu zilizochungulia zilikuwa nyeupe pee.

"Nifungie diski hiyo," nilimwambia Bogna.

Na wewe, kanda zako ziko wapi? Inuka sasa hivi, kazitoe kabatini, utafute mikono ya watu wako.