Tundu la Waridi

Mwanasiti alikwenda studio kwa jambo moja tu: kuisikia, katika rekodi ya zamani, sauti ya marehemu mdogo wake, Zuwena, aliyeimba naye harusini miaka yote. Tangu msiba ule hakuwa ameimba tena, hata jikoni. Fundi Shomvi alimkalisha mbele ya kompyuta, akamvisha hedifoni, kisha akatoka kufuata chai.

Mwanasiti alipojiweka sawa kitini, waya ukachomoka. Akauchomeka kwenye tundu lililokuwa karibu, la rangi ya waridi, akabonyeza kitufe chekundu, akafumba macho.

Kimya. Kimya kizuri, kama cha chumba kilichotandikwa mazulia.

"Ananingoja mimi," akawaza. Siku zote yeye ndiye aliyeanza, na Zuwena akapokea. Basi akaanza, taratibu, ubeti wa kumtoa bibi harusi ndani, kisha akanyamaza kumwachia mwenzake nafasi.

Shomvi alikuwa amesimama mlangoni na vikombe vyake.

"Mama, hilo tundu ni la maikrofoni. Hedifoni ukizichomeka hapo hazikuimbii, zinakusikiliza wewe. Sauti yako yote imeingia."

Kwenye kioo cha kompyuta ubeti wake ulikuwa umejipanga kama vilima vya kijani, na baada ya vilima mstari mmoja, umenyooka, ukizidi kwenda. Shomvi akanyoosha mkono azime.

Mwanasiti akamzuia. "Acha kwanza, mwanangu. Bado hajapokea."

Wakautazama mstari, wote wawili wamebana pumzi. Ukaenda, ukaenda, kisha ukatikisika kidogo.