Leso ya Kusugua

"Ukiukosea huu, Baba, ndiyo basi tena," binti yake alisema, akimkabidhi mtandio ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo mawili.

Ulikuwa wa marehemu mama wa binti. Miezi saba binti aliulalia, na kila asubuhi harufu ilizidi kufifia.

Baba, mtafiti wa manukato, aliupokea. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa hiyo: kufungia manukato ndani ya vijiganda vidogo kuliko vumbi, vipasuke mtu akisugua nguo. Mkewe alikuwa akinusa kila sampuli wakati wa chai. "Hii kali." "Hii umeitoa hospitali?" Naye aliandika kila neno kwenye daftari, hakubisha hata siku moja. Binti alidhani ni utani wao wa mke na mume.

Maabarani, aliuloweka mtandio kwenye spiriti, akaukamua, akaichanganya ile spiriti na mafuta. Hapo hakuna kurudi nyuma. Mtandio ulikuwa umebaki kitambaa tu. Akatia sabuni ya kushikanisha mafuta na maji, tone kwa tone. Ikipungua, mafuta hujitenga. Ikizidi, ganda halifungi. Aliinamia darubini mpaka shingo ikakakamaa.

"Bosi, mbona hii hujaniita ninuse?" msaidizi wake aliuliza. "Leo pua yangu imefukuzwa kazi?"

"Hii ina mwenyewe."

Ijumaa alirudi nyumbani na leso nyeupe iliyopakwa vile vijiganda. Akapita jikoni, akaketi mezani kungoja. Binti alitoka chumbani mbio, akazima jiko.

"Baba! Sufuria inaungua, nyumba nzima inanuka, na wewe umekaa hapo hapo!"

"Nina mawazo."

Wakafungua madirisha, wakasubiri hewa itulie. Kisha akampa leso.

"Sugua."

Binti akasugua, akaiweka puani. Machozi yakamtoka.

"Ni Mama," alisema. "Ni yeye kabisa. Shika, Baba, na wewe unuse."

Aliishika leso, akaikunja vizuri, akamrudishia. Akavuta daftari, akafungua kalamu.

"Amonia ya maabara iliniulia pua mwaka mmoja kabla sijakutana na mama yako," alisema. "Anza taratibu. Alinukiaje?"